Kuku Aliyeitwa Bondeni

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kukaa kwangu Subukia kulitegemea uhai wa kuku mmoja mweupe ambaye hata kuchakura hakujua. Sikuamini hivyo kwa kuwa nilikuwa mjinga kuliko watoto wengine. Niliambiwa na nyanya yangu, na nyanya yangu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Yapo mambo niliyofundishwa kanisani katika umri ule ambayo sikuyashika hata nusu ya nilivyolishika hilo la kuku.

Tulikuwa tukiishi Bondeni, mjini Nakuru, mimi na mama, katika chumba kimoja cha zile nyumba za zamani za baraza la mji. Mama aliuza mitumba kando ya barabara. Biashara ilipomshinda akapata kazi ya nyumbani kwa watu, kazi ya kulala huko huko, na waajiri wake hawakutaka kuona mtoto. Ndipo alipoamua kunipeleka kwa mama yake, Subukia, kwa muda kidogo. Hakusema muda kidogo ni kiasi gani, nami niliogopa kuuliza.

Kwenda kwa mzazi mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo mama alinunua kuku. Hapo alikosea kosa la mtu wa mjini. Badala ya kuku wa kienyeji alichukua kuku wa kisasa, wale wanaofungiwa ndani kwa ajili ya mayai, na wakichoka kutaga huuzwa rahisi sokoni. Alikuwa mweupe, manyoya ya shingoni yameisha, undu wa kichwani umepauka, na ncha ya mdomo imekatwa, maana huko wanakofugwa huwakata midomo ili wasidonoane. Mama alimpima kwa mkono, akamwona mzito, akaridhika. Mimi ndiye niliyembeba, ndani ya mfuko wa saruji uliotobolewa, kichwa kikichungulia nje. Tulipofika Subukia nilikuwa nimeshampenda, na sikuwa na kitu kingine cha kupenda siku ile.

Nyanya, ambaye sote tulimwita Shosho, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mbao pembeni mwa nyumba, kimejaa moshi, na kupitia mlangoni niliona sufuria kubwa ya maji ikitokota mekoni. Alinitazama, akamtazama kuku, akanitazama tena. "Mama, mtoto amekuletea kuku," mama alisema. Mimi nilikuwa nimemkumbatia yule kuku kwa mikono yote miwili.

Mjomba Karanja, kaka yake mama, aliishi katika boma lile lile, nyumba ya pili. Alikuja akanyoosha mkono. "Leta hiyo kuku, mami," aliniambia kwa upole. Nikaangua kilio. Si kilio cha kudeka. Nilikuwa nimenyamaza tangu asubuhi na sasa yote yakatoka mara moja. Ndipo Shosho akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Karanja, wacha. Hiyo kuku haiguswi. Kuku ya mtoto ni mguu ya mtoto. Itakaa hapa mpaka itage. Ikitaga kwa hii boma, mtoto amefika. Ikikufa kabla itage, mtoto naye hataweza kukaa, na hii boma itaitwa boma ya kufukuza watu."

"Mama, hayo ni mambo ya kitambo," Mjomba alisema. Alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kuonekana akisikiliza habari za namna hiyo.

"Na wewe ulizaliwa lini?" Shosho akamuuliza.

Mjomba akaurudisha mkono wake. Shosho akaniongoza nyuma ya jiko, akamimina yale maji ya mekoni kwenye karai, akaniogesha. Yalikuwa mengi ajabu kwa mtoto mmoja, tena ya moto kupita kiasi, akawa anayapoza kwa maji ya tangi huku akiniuliza majina ya rafiki zangu wa Bondeni. Nakumbuka nikijiambia kwamba watu hawa walinichemshia maji hata kabla sijafika. Lilikuwa jambo la kwanza la siku ile lililonipa moyo. Mama aliondoka jioni, nami nikamuaga bila kumng'ang'ania, nikiwa safi na kuku kwapani.

Mtu mmoja tu hakunifurahia, naye alikuwa Njeri. Njeri alikuwa binti wa Mjomba, mkubwa kwangu kidogo, na muda wote niliokuwa nikiogeshwa alikaa mlangoni mwa jiko na kijiti cha kuni mkononi, amevimba uso. Alinitazama kama niliyemwibia kitu chake. Sikujua nimemkosea nini, na kwa miaka mingi sikujua.

Asubuhi yake Shosho aliwamwagia kuku mahindi uani. Kuku wake walikuwa wa kienyeji, wenye miguu mirefu na akili nyingi, na mkubwa wao alikuwa kuku wa madoadoa aliyeitwa Chifu. Chifu ndiye aliyekula kwanza, ndiye aliyechagua pa kulala, na mwenzake akimkaribia bila ruhusa alipigwa mdomo kichwani. Kuku wangu alisimama katikati ya ule uwanja akitazama punje zilizo miguuni pake. Nadhani alingoja mtu amletee chombo cha chakula. Hakuwahi kukanyaga udongo maishani mwake, masikini. Chifu akamjia taratibu, akamzunguka, kisha akamdonoa utosini, na wale wengine walipoona damu wakaja mbio.

Watu wengi hudhani kuku ni ndege wa amani kwa sababu wanawaona kwenye sahani. Mfuge kuku uone. Wakishamwonja mgeni damu hawaachi, kila anayepita hurudia kidonda kile kile, na wangu hakuweza hata kurudisha kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umekatwa. Alichojua ni kujikunyata pembeni ya choo na kufumba macho. Nilikuwa nikimfukuzia adui zake kwa kandambili, lakini nikienda shule alibaki peke yake.

Njeri ndiye aliyempa jina. "Bondeni!" aliita siku moja akimrushia ganda la ndizi, na mimi na kuku tukageuka pamoja. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sote wawili tukawa Bondeni, yule kuku uani na mimi shuleni. Sikujua Kikikuyu vizuri, niliogopa ng'ombe, na siku ya kwanza ya kwenda kuteka maji nilimwaga ndoo nzima njiani. Kila jambo kama hilo Njeri alilifikisha darasani kabla yangu, na lilipofika lilikuwa limetiwa chumvi. Hata hivyo la darasani lilinisumbua kidogo tu. Nilijua kwamba neno halisi lilikuwa lile la kuku, kwamba akifa nitaondoka, na sikuwa na pa kwenda. Chumba chetu kilikuwa na mpangaji mwingine. Mama alilala kwenye nyumba ya watu.

Kila alfajiri nilikimbilia kizimba kumtazama kama amepumua. Kila jioni nilipapasa majani ya kiotani kutafuta yai na sikulipata. Mjomba alipita mara moja akanikuta nikipapasa, akamwambia Shosho kwa sauti ya chini, akidhani sisikii, "Lakini huyu mtoto anakaa mpaka lini?"

"Uliza kuku," Shosho akajibu, akaendelea kukata sukuma wiki.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shule nikamkuta kuku wangu ameloa damu kichwani, jicho moja limevimba. Nikachukua tenga, lile kapu kubwa la kufunikia vifaranga, nikamfunika peke yake nyuma ya ghala, nikakaa juu ya jiwe kumlinda. Shosho alinikuta hapo.

"Hiyo umefunga ni gani?"

"Ni yangu, Shosho. Ndio wasimpige."

"Toa. Kwangu hatufungi mwenye amepigwa. Tunafunga mwenye anapiga."

Akamwita Njeri. Njeri akaja akijiburuta, akaamriwa amkamate Chifu, na Chifu hakukamatika kirahisi. Walizunguka ghala na boma lote, Njeri akaanguka kwenye rundo la mabua, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Chifu akafunikwa kwa tenga, akapewa maji na chakula humo humo. Kisha Shosho akakwangua masizi ya chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya kupikia, akatuita tena. "Njeri, shika. Wewe ndiye mwenyeji." Njeri akamshika kuku wangu, mimi nikampaka masizi juu ya kidonda mpaka wekundu wote ukapotea. Nilidhani tumemaliza. Shosho akasema tuwapake wote, kila kuku kichwani, hata wasio na kidonda, na baadaye akamwaga majivu ya meko kwenye shimo la vumbi walilokuwa wakijigaragaza.

"Kuku haijui ukoo," alisema. "Inajua macho na harufu. Sasa wote ni weusi, na wote wananuka moshi ya hii nyumba."

Alituangalia mimi na Njeri, mikono myeusi mpaka viwikoni, nyuso zimechafuka, akaongeza kwamba hata sisi tulikuwa tumefaa. Jioni ile tulikalishwa pamoja kwenye kigoda kirefu karibu na meko, moshi ukitutoa machozi wote wawili. Njeri hakunisemesha, lakini hakunisukuma pia. Leo nafuga kuku, na wajuzi wameniambia kwamba masizi huficha ule wekundu unaowavuta kudonoa, na kwamba ukimwondoa mchokozi kwa siku chache, akirudi yeye ndiye anayekuwa mgeni. Shosho hakunieleza hayo kwa njia hiyo. Yeye alifanya kazi yake kwa uzito wa mtu anayesali, na mimi nikasali naye.

Sitasema mambo yalinyooka mara moja. Kwanza, Chifu alipofungwa, kuku mwekundu aliyekuwa wa pili akajitawaza na kuanza kudonoa kwa zamu yake. Shosho akaninunia mimi badala ya kuku, akisema namwaga mahindi yote mahali pamoja kama mtu anayelisha samaki. Akanifundisha kuyatupa huku kidogo na kule kidogo, nyuma ya ghala, chini ya mti wa parachichi, karibu na tangi, mpaka hakuna kuku angeweza kukalia yote. Akaning'iniza kabichi kwa kamba kwenye mlango wa kizimba, wakawa wanashindana kuidonoa na kusahau vichwa vya wenzao. Pole pole kuku wangu akaanza kuinua shingo. Siku moja nikamwona anachakura, mguu mmoja, akarudi nyuma kutazama, kisha mguu wa pili. Nilikimbia kumwambia Shosho, na katikati ya mbio nikampita Njeri, nikajikuta nimemwambia yeye kwanza. "Nimeona," akasema. Kumbe alikuwa akimtazama pia.

Chifu aliporudi uani alitembea kama mtu aliyetoka safari. Alimjia kuku wangu, wakatazamana, na kuku wangu hakujikunyata. Alisogea kando hatua kidogo, akaendelea kula. Chifu akaenda zake.

Ndipo kuku akapotea. Niliamka Jumamosi moja, nikawatoa wote kizimbani wakala, na kufikia saa nne hakuwepo. Nilitafuta ghalani, chooni, kwenye mahindi, kando ya mto wa chini. Niliona unyoya mweupe kwenye ua wa miti na nikajua ameliwa, maana mwewe walikuwa wengi huko. Sikulia. Nilirudi ndani nikakunja nguo zangu, nikazitia katika ule ule mfuko wa saruji wenye tundu la kichwa cha kuku, nikaenda kukaa kwenye lango. Sikujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba neno limesemwa, kuku amekufa kabla ya kutaga, na sikutaka Shosho ahangaike kunifukuza.

Nikamsikia Njeri akiita kutoka nyumbani, "Bondeni! Bondeni!" Sikujua anamwita nani kati yetu, nikanyamaza. Akaja mbio mpaka langoni, akaona mfuko, akaona uso wangu. Nadhani alielewa kila kitu, kwa sababu alininyang'anya mfuko ule, akanishika mkono, akanivuta. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya siku ile.

Kuku wangu alikuwa chumbani kwa Shosho, uvunguni mwa kitanda, ndani ya kiondo, kikapu chake cha nyuzi za kufuma. Alikuwa ametulia tuli, masizi kichwani, akitukodolea jicho. Shosho alipiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini yake, akautoa na yai. Lilikuwa dogo, la kahawia hafifu, lina unyoya umeganda. Akaliweka kiganjani mwangu likiwa bado na joto.

"Imetaga kwa nyumba yenyewe," alisema. "Si kwa kizimba. Umefika."

Akamwita Mjomba aje aone. Mjomba akaja, akalitazama yai, akanitazama, akavua kofia akajikuna kichwa. "Haya basi," akasema. Tangu siku hiyo hakuuliza tena nitakaa mpaka lini. Nilikaa mpaka nilipomaliza sekondari. Yai lenyewe Shosho alilichemsha, akalikata katikati kwa uzi wa kufuma kama alivyozoea, nusu yangu na nusu ya Njeri, na tukalila tumekaa kwenye kigoda. Njeri alilamba hata ganda.

Leo naishi Bondeni tena, katika nyumba zile zile, na nyuma nina uwanja mdogo wenye kuku wachache. Juzi niliongeza kuku mmoja, wenzake wakamwandama, nikafanya nilivyofundishwa. Nilimfunika mchokozi kwa tenga, nikakwangua masizi, nikamwita binti yangu anishikie. Njeri alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Keringet alikoolewa, amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Nikiwa napaka nikamweleza binti yangu kwamba kwetu kuku wa mgeni ni mguu wa mgeni, hachinjwi mpaka atage.

"Nani alikuambia hiyo?" Njeri akauliza.

"Si ni Shosho!"

Njeri aliweka kikombe chini akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wee. Hakuna kitu kama hiyo kwetu. Kuku ya mgeni inachinjwa siku hiyo hiyo, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Baba alikuwa ashanoa kisu. Shosho mwenyewe ndiye alituma niweke maji, akasema mtoto wa Bondeni anakuja, lazima atakuja na kuku. Mimi ndiye niliongeza kuni tangu mchana. Maji ya kunyonyoa manyoya. Halafu nikakaa pale mlangoni nikaona maji ya nyama yangu inaogesha mtu. Ndiyo maana nilikuchukia. Nilingoja kuku mzima, nikakuja kupewa nusu yai."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema Shosho alimkanya siku ile ile, akamwambia akilitamka neno hilo kuku atakufa. "Na nilijua ameitunga," Njeri alisema. "Nilikuwa hapo akiitunga. Lakini bado niliogopa kuku ikufe."

Nilikaa chini pale uani na mikono yangu myeusi. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba Shosho alikuta imani hiyo kwao na akaitii. Kumbe alinitazama, akatazama jinsi nilivyomshika kuku, na pale pale, mbele ya mwanawe mzee wa kanisa na kisu kimenolewa, akageuza desturi ya watu wake juu chini kwa ajili ya mtoto anayelia. Na akishaitunga aliishi nayo. Alikwangua masizi na kumwaga majivu kwa ajili ya kuku asiyetaga, akamjibu mwanawe kwa neno lile lile alipouliza, mpaka neno lenyewe likawa kweli na sisi sote tukaishi ndani yake. Alimpa Mjomba jibu la mpaka lini. Alinipa mimi nyumba.

Binti yangu aliuliza sasa tumchinje yule kuku mgeni au tusimchinje. Njeri akanitazama, akachukua kikombe chake. "Hapana," akamwambia. "Kwetu tunangoja itage."

Shosho amelala Subukia, upande wa juu wa shamba, na nilimshukuru kwa mengi akiwa hai. Kwa maji yale sikuwahi kumshukuru, kwa kuwa sikujua yalikuwa ya nani. Yalichemshwa kwa ajili ya kuku, nikaogeshwa mimi.